Nyama ya Mama Qaapik

Uluriak alikuwa amechoka kabla hata hajaiwasha mashine yake ya theluji. Kuna uchovu wa kulala ukaisha, na kuna ule unaoamka na wewe asubuhi ukanywa na wewe chai. Wake ulikuwa huo wa pili. Tangu majira ya giza alikuwa akimuuguza mama yake, Qaapik, aliyerudishwa kwa ndege kutoka hospitali ya kusini baada ya madaktari kusema hawana la kufanya tena. Mchana Uluriak alipiga deki shuleni, usiku akamgeuza mama kitandani. Na ndugu zake je? Waliko wanajijua. Kila mmoja alituma salamu kwa redio ya kijiji, na salamu hazifui mashuka.

Asubuhi hiyo mama alifumbua macho akasema, "Mdogo wangu, nataka nyama ya tuktu."

Alimwita hivyo maisha yote, kwa kuwa Uluriak alipewa jina la mdogo wake mama aliyezama zamani. Huku kwetu jina likirudi, mtu amerudi, na heshima yake anapewa hata kama bado ananyonya.

"Kuku yupo, mama. Nikuchemshie?"

"Kuku ni ndege wa watu wa kusini. Nataka tuktu, kulungu wa theluji, mwenye mapembe. Ulimi, na mafuta ya mgongoni. Nikila hiyo, basi."

"Na wewe nikuache na nani?"

"Jirani atakuja. Kwani mimi mtoto, nitatoka kitandani nikavunje sahani? Nenda, hali ya hewa nzuri leo."

Lile neno "basi" ndilo lililomwingia Uluriak. Mgonjwa akitaja chakula chake cha mwisho hapingwi. Akajiambia kwamba asipoileta nyama hiyo mama angali na pumzi, atajilaumu mpaka naye afukiwe.

Pikipiki yake ya theluji ilikuwa kuukuu. Mumewe, Nuvaqiq, alipohamia kwa mwanamke mwingine upande wa pili wa kijiji, aliondoka na mpya akamwachia hii, na hakuona haya. Spring za kiti zilikufa zamani, kila tuta la theluji lilimpiga Uluriak kiunoni moja kwa moja. Hakufundishwa na mtu kuifungua wala kuifunga, alijifunza mwenyewe, kwa bisbisi na matusi. Ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake miaka yote hiyo, sili wakati wa sili, samaki wakati wa samaki, nayo ikamlipa kwa kumla sikio la kushoto kwa kelele na kumfanya vidole vife ganzi kila alfajiri. Watu wakimwona anapita akikokota sleji nyuma, bunduki begani, husema yule mwanamke ni chuma. Hawajamwona anavyoshuka.

Akavuka barafu ya ghuba, akaupanda mto kuelekea vilimani. Ilikuwa ile miezi ambayo jua halitaki kuondoka. Asubuhi theluji ni ngumu unakimbia juu yake, mchana inalegea kama uji na mashine inazama. Kwa hiyo aliwahi. Alipofika juu ya mgongo wa kilima alizima injini, akatoa darubini, na kule bondeni akawaona tuktu, kundi zima, wanafukua theluji kwa kwato na kula taratibu kama hawana adui duniani. Moyo ulimruka. Alijisikia vizuri, na alikuwa amesahau kujisikia hivyo kukoje.

Ndipo darubini ilipopita kwenye kona ya mto ikakuta kitu cheusi. Mashine, pua imezama, na mtu amekaa juu ya dumu la petroli.

Angeweza kusema jua lilimpiga machoni. Nani angembishia? Lakini huku kwetu mashine iliyosimama haipitwi, hata ya adui, maana zamu ni ya kila mtu. Akashuka kwa upande ule upepo unakokwenda, ili wanyama wasimsikie, akiwa bado na matumaini kwamba ni mkanda tu wa mashine umekatika.

Mtu yule aliinua miwani yake. Alikuwa Nuvaqiq.

"Watu wote wa kijiji kile," Uluriak alisema, "nikukute wewe."

"Niliomba aje mtu. Nikasahau kutaja nani."

Mto ulikuwa umetoa maji juu ya barafu, yakajificha chini ya theluji, naye akayaingia kwa kasi kama mgeni. Mashine ikazama kwenye tope la barafu, ikagandia humo humo. Mguu mmoja ulilowa hadi gotini.

"Tangu saa ngapi umekaa hapa?"

"Tangu uliponiudhi mara ya mwisho."

"Vua kiatu, acha maneno."

Vidole vya mguu vilikuwa vyeupe na vigumu kama mishumaa. Uluriak alivitazama, akaangalia kilimani kwa tuktu, akavitazama tena. Kisha akakaa kwenye theluji, akafungua koti, akainua sweta, akaubandika mguu ule kwenye tumbo lake tupu. Ndivyo mguu ulioganda unavyotibiwa, na aliyeleta dawa nyingine hajatokea.

"Polepole," Nuvaqiq alisema.

"Mwenye kusema polepole ni mimi, bwana wee. Mguu wako huu ni barafu."

"Tumbo limenenepa."

"Ongeza neno moja nikurudishie kiatu chako na maji yake."

"Mke wangu akisikia..."

"Akisikia, aseme asante. Au aje aushike yeye."

Akaubana mguu zaidi. Tuktu nao walianza kusogea, mmoja mmoja, wakiuelekea upande wa pili wa kilima. Nuvaqiq aliwaona.

"Nenda ukapige. Mimi nitangoja."

"Mama anataka nyama," Uluriak alisema. "Anasema akila hiyo, basi."

Nuvaqiq aliinamisha kichwa. Alikula chakula cha yule mama miaka mingi, wamekaa sakafuni pamoja, kisu kikipita mkono kwa mkono.

"Basi nenda. Mguu ni wangu, si wako."

Na alitaka kwenda, tusidanganyane. Alimchukia mtu yule, akamchukia na Mungu kidogo. Lakini kuwafuata wanyama, kupiga, kuchuna, kurudi, jua lingekuwa limeinama na baridi imerudi, na mguu ulioyeyuka ukiganda mara ya pili unakatwa. Mavi ya kale hayanuki, wanasema wazee. Siku ile yalimnukia mpaka machozi yakamtoka. Tuktu wa mwisho alipotoweka, Uluriak alimvisha Nuvaqiq soksi yake ya akiba, akamfunga kwa ngozi kwenye sleji, akageuza mashine.

Kurudi kulikuwa adhabu. Theluji ilikwisha kulegea. Mashine ilizama, akaifukua kwa koleo. Ikaenda kidogo, ikazama tena, akainua nyuma yake kwa kiuno kile kile kibovu huku Nuvaqiq akisukuma kwa mikono na kuomba radhi. Mwanzo alimjibu, baadaye hakuwa na pumzi ya kumjibu. Mkanda ulitoa harufu ya kuungua. Malengelenge yalitokea viganjani, yakapasuka ndani ya glavu. Walipoingia kijijini watu walikwisha kula cha jioni, jua bado limesimama tu pale juu. Mke wa Nuvaqiq alimpokea, akampeleka zahanati. Nuvaqiq alitaka kusema jambo, Uluriak akatia gia.

Nyumbani jirani aliaga. Mama alikuwa macho.

"Umefika."

"Nimefika, mama." Uluriak alipiga magoti kando ya kitanda. "Sikuleta kitu. Nisamehe. Kesho asubuhi nitakwenda tena, nimeona walikoelekea."

"Ya nini? Siwezi kumeza, mwanangu. Tangu juzi hata maji yananikwama, natema kwenye kitambaa ukigeuka."

Uluriak hakuelewa. "Sasa ulinituma nini?"

"Umekaa kwenye hicho kiti cha kuniuguzia mpaka mmefanana. Ningekwambia kapumzike, ungenisikia? Wewe ukiambiwa pumzika unafua. Nikasema, huyu nimpe kazi ya nje, apate upepo, aone milima." Akavuta pumzi kwa taabu. "Nimelala hapa kutwa nakuwaza wewe tu, uko juu ya kilima umezima injini."

Hasira ilimpanda Uluriak. Alitaka kumweleza yote, ule mguu, lile koleo, kile kiuno. Lakini mama alikuwa akimtazama kwa furaha, kama mtu aliyetoa zawadi na anangoja ifunguliwe.

"Kulikuwa kuzuri?"

"Kuzuri."

"Ulipumzika, mdogo wangu?"

Uluriak aliificha mikono yake chini ya blanketi, mama asiione.

"Nilipumzika, mama," alisema. "Nimepumzika sana."