Njugu Ishirini za Sista Edith

Saa tatu asubuhi, Jumanne. Katika chumba kidogo cha kliniki moja mjini Rongo, Edith Bochaberi ameshika saa ya kupimia sekunde, macho kwa mwanamke aliyeketi mbele yake. Mezani pana mabakuli mawili. Moja ni tupu, jingine lina vifuniko ishirini vya soda.

"Haya, Phanice. Hamisha kimoja kimoja, haraka vile unaweza. Anza!"

Edith, mwenye umri wa miaka 44, ni muuguzi wa afya ya akili. Kila Jumanne hupima jinsi ugonjwa unavyopunguza kasi ya fikra na mikono ya wagonjwa, na kama dawa zinairudisha. Leo ni zamu ya Phanice Onyango, mkulima kutoka Rangwe. Akimaliza chini ya sekunde 30, daktari ataanza kumpunguzia dawa zinazomletea usingizi mchana.

"Mtu akichukua saa nzima kuosha sufuria mbili, watu wanasema ni uvivu," asema Edith bila kuficha hasira. "Nikiwaambia ni ugonjwa, hawaniamini. Sekunde wanaziamini."

Susana, mama mkwe wa Phanice, hakuamini pia. Mwaka jana alimleta kliniki ili muuguzi atamke waziwazi kwamba mwanamke huyu ni mzima, kisha arudishwe kwao. Wakati huo Edith alipimia njugu, maana huku hakuna mkono usiozijua. Phanice alihamisha njugu ishirini kwa sekunde 94.

"Mama, sasa wewe," Edith akamwambia Susana. Susana alitumia sekunde 22.

"Niliona aibu," Susana akumbuka. "Mimi namwita mvivu, kumbe mtoto wa watu ni mgonjwa!"

Phanice akaanza kutibiwa sonona, ugonjwa wa huzuni iliyozidi. Kufikia Krismasi alikuwa ameshuka hadi sekunde 41, na Edith akaanza kutamba kidogo. Februari, zile njugu ishirini zikamchukua sekunde 110.

"Daktari Kerosi alikuwa ameshashika kalamu aongeze dawa," asimulia Edith. "Nilivunjika moyo. Niliona tumerudi nyuma, na huko nyumbani maneno yataanza upya."

Kisha akachungulia bakuli. Njugu nono zilikuwa zimekaa upande mmoja, zilizosinyaa upande mwingine. Alipouliza kulikoni, Phanice alimshangaa.

"Sista, mvua ya Machi si iko karibu? Hizi ni za mbegu. Ulitaka nizichanganye tu hivyo?"

Edith anacheka hadi anafuta machozi akisimulia. Kosa lilikuwa lake, anakiri: alimpa mkulima njugu msimu wa kupanda ukibisha hodi, akatarajia asizichague. Tena mwanamke ambaye miezi michache nyuma hakujali hata kula alikuwa sasa anapanga shamba lake.

Palepale Edith akakimbilia duka la jirani kuomba vifuniko vya soda, ambavyo hakuna avipandaye. Phanice akamaliza kwa sekunde 36. Daktari akarudisha kalamu mfukoni, na Phanice akaenda zake na zile mbegu.

Tangu siku hiyo, Edith haandiki namba kabla ya kumuuliza mgonjwa alikuwa akifanya nini. Kabla ya mwaka kuisha anataka kuwafundisha wauguzi wa Awendo na Homa Bay, na tayari amefunga mifuko kumi na mmoja ya vifuniko.

"Mashine za maana hatuna," asema, "lakini soda inanywewa kila mahali."

Mezani, kifuniko cha mwisho kinagonga bakuli. Edith anabonyeza saa, anaitazama mara mbili.

"Ishirini na moja! Umempita mama mkwe!"

Phanice anavuta mkoba wake. Anaufungua, anatoa mfuko wa njugu mpya, mavuno ya zile mbegu za Februari, na kuuweka mbele ya muuguzi.

"Hizi ni za kula, sista," anasema. "Usinipimie nazo."