Siku Mawe Queens Walipoimba Msibani Badala ya Kucheza

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana hata nisipokiri Igogo nzima inajua, na kuna mama mmoja wa sokoni kila akiniona anaanza kuimba taratibu wimbo wa kuaga marehemu huku ananipimia dagaa, halafu ananiuliza, "Meneja, sauti ya pili leo umeiacha wapi?" Aliyeishusha daraja timu ya wanawake ya Mawe Queens si kocha, wala si washambuliaji wetu waliokuwa wanapiga mpira juu ya mawe kana kwamba goli liko Ukerewe. Ni mimi, Koku, meneja wa timu, msomi, mtu wa utaratibu (sisi Wahaya hatujisifu, tunaeleza tu hali ilivyo).

Msimu wenyewe ulianza vizuri sana, yaani kwenye picha. Mfadhili wetu, mzee mmoja wa biashara ya samaki, alitununulia traksuti za zambarau za kung'aa, tukapiga picha ziwani tumekaa juu ya jiwe, nikatoa hotuba kwamba tunachukua ubingwa, watu wakapiga makofi. Baada ya hapo tukaanza kucheza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tukafungwa Dar, tukafungwa Dodoma, tukafungwa hapahapa nyumbani mvua ikinyesha, wiki iliyofuata tukafungwa jua likiwaka, mpaka ikawa wazi kwamba tatizo si hali ya hewa. Tukafika mechi ya mwisho tunahitaji sare tu. Sare moja ya nyumbani, tubaki ligi kuu. Tukikosa, tunashuka, na mfadhili alishasema bila kuzunguka kwamba yeye hafadhili timu ya daraja la chini, kwa hiyo mishahara basi.

Sasa kwangu mimi mshahara ule ulikuwa wa kuongezea, nafundisha. Lakini Nyamizi, kipa wetu na nahodha, mama yake na wadogo zake kule Sengerema walikuwa wanakula kwa mikono yake miwili, ile ile anayodakia mpira. Usiku ule wa kuamkia mechi aliniambia, "Meneja, wewe tufikishe tu uwanjani. Mengine niachie mimi." Kazi niliyopewa ni hiyo tu. Kufikisha watu uwanjani, umbali ambao hata mbuzi wa Igogo wanafika kila siku bila meneja.

Na wiki moja kabla, niwaambie na hili mnicheke vizuri, nilihojiwa na redio ya hapa mjini. Mtangazaji akaniuliza kuhusu yale mambo ya timu kukataa kupita getini, kuruka ukuta, kubadilishia nguo kwenye basi kwa kuogopa chumba kimewekwa kitu. Nikacheka kile kicheko cha kisomi. Nikasema, "Hayo ni mambo ya timu za zamani, sisi Mawe Queens tunapita getini vichwa juu." Nilijisikiliza marudio jioni na nikajipenda sana.

Basi, siku ya mechi basi letu likasimama nje ya geti, bado dakika arobaini, tumewahi kama Wazungu. Kocha Masanja akashuka wa kwanza. Hakwenda popote. Akasimama pale pale anaangalia chini, na mimi nikashuka nione anaangalia nini. Katikati kabisa ya geti, pale ambapo lazima ukanyage, kulikuwa na unga mweupe umemwagika upana wa mkeka, na juu ya ule unga, mayai. Yamepasuka.

"Hapo hatupiti," akasema Kocha.

"Kocha, kanuni zinasema timu ipite geti rasmi, tutapigwa faini."

"Faini italipwa. Wewe kanyaga kwanza, sisi tunakufuata."

Ningekanyaga. Jamani, ningekanyaga tu, viatu vyenyewe vilikuwa vya mtumba. Lakini niliangalia yale mayai, nikaangalia wasichana waliobanana madirishani ndani ya basi, nikasema kauli ambayo nadhani itaandikwa kwenye kaburi langu: "Mimi siamini mambo haya, ila si vizuri kuwakwaza wanaoamini." Kwa maneno hayo tukageuka.

Njia ya pili ilikuwa kupanda kwenye mawe nyuma ya uwanja, kushukia ua wa Mzee Bulugu, halafu kuruka ukuta wake unaopakana na goli la kusini. Huyu Mzee Bulugu tulikuwa tunamfahamu kwa sauti tu. Kila mpira uliovuka ule ukuta haukurudi. Tukiita, anajibu kutoka ndani, "Njooni kwa mlango." Kwenda kwa mlango wake ni kuzunguka mtaa mzima, nani ana muda huo, kwa hiyo tulikuwa tunatuma msichana mmoja aruke ukuta akaibe, anafukuzwa kwa fimbo, na mara moja mimi mwenyewe nilipanda juu ya jiwe nikamtolea maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Tulijua ni mzee mkorofi asiye na wageni. Tulikuwa tumetoka safari ya Dar jana yake usiku, hatukuwa na habari nyingine yoyote.

Tukapanda mawe, watu wazima na traksuti za zambarau, mabegi mgongoni, Kocha anahema kama ng'ombe wa mnadani. Tukashuka upande wa pili kwa mstari, kimya, tukapita kwenye migomba, tukakunja kona ya jiko. Tukatokea kwenye turubai. Viti vimejaa watu. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka na kanga zao. Mbele jeneza, maua juu, na watu wote wametugeuzia macho.

Hapo kila Mtanzania anajua kwamba umekwisha. Huwezi kukatiza msiba kama unavyokatiza uwanja wa shule. Huwezi kusema samahani tunapita halafu ukapandisha mguu ukutani juu ya kichwa cha marehemu. Tukasimama. Mwanamume mmoja mwenye kipaza sauti, msemaji wa familia, akaja mbio kwetu uso umejaa shukrani, akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Ni kwaya ya Butimba, sivyo? Tumewangoja mno, tulishaanza kukata tamaa."

Hili ndilo kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Ningesema hapana. Lakini nikisema hapana, swali linalofuata ni nyinyi ni nani na mmetokeaje nyuma ya jiko, na jibu la swali hilo sikuwa nalo mbele ya jeneza. Nikasema, "Ndiyo, Baba. Poleni sana."

Akageukia kipaza sauti. "Ndugu waombolezaji, kwaya imefika." Sauti ikatoka kwenye spika mbili kubwa zilizofungwa juu ya mti, moja imeelekezwa mtaani, nyingine, kwa bahati yangu, imeelekezwa uwanjani.

Nikamnong'oneza Nyamizi kwamba wimbo mmoja tu, wa haraka, halafu tunaaga. Akaniangalia kwa jicho ambalo nimeliona akiwaangalia mabeki wake tu. Lakini akaanzisha, wimbo wa kanisani ambao kila mtu anaujua, na Mungu nisamehe, tuliimba vizuri. Msimu mzima hatujawahi kuelewana vile. Mabeki walishika sauti ya pili, viungo wakajaza katikati, hata yule mshambuliaji wetu ambaye hajawahi kutoa pasi kwa mtu alikuwa anawaachia wenzake nafasi. Akina mama wakaanza kulia. Msemaji akafuta macho, akasema, "Wa pili."

Tukaimba wa pili. Kocha Masanja akaimba besi kwa machozi kabisa, sijui alikuwa analilia nini, nadhani msimu.

Upande wa pili wa ukuta (haya nimesimuliwa baadaye na kila mtu, pamoja na wasioulizwa) wageni walikuwa wameshapanga mstari, refa ameshika mpira, na yule yule mtangazaji wangu wa redio alikuwa anatangaza moja kwa moja, "Wapenzi wasikilizaji, timu ya nyumbani haijaonekana, ila kuna msiba jirani na kwaya ya huko ni nzuri kwelikweli."

Nikaanza kuaga kwa ishara za mikono. Msemaji akanipa kipaza sauti. "Kiongozi wa kwaya atasema neno moja kuhusu marehemu, maana najua kanisani mlikuwa mnamfahamu." Nikaangalia jeneza, maua yameifunika picha. Mzee? Bibi? Kijana? Nikashukuru kwamba neno marehemu linamfaa kila mtu, nikaanza kuogelea. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Nikasema alikuwa na mlango uliokuwa wazi kwa kila mtu. Hapo nikasikia mguno. Nikaongeza kwamba hakuwahi kumnyima mtu kitu, na alitupenda sisi vijana, na alikuwa kwetu kama mama.

Mguno ukawa mkubwa. Bibi mmoja mfupi aliyekuwa amekaa mbele, kanga nyeusi mabegani, akanyoosha kidole polepole kuelekea pembeni ya nyumba. Nikageuka. Chini ya mpapai kulikuwa na rundo la mipira. Mingine imefifia rangi, mingine mipya ya msimu huu, na yote ina herufi za timu yetu nilizoziandika mimi kwa mkono wangu.

Na kama hiyo haitoshi, mlango wa mbele ukafunguliwa, wakaingia watu waliovaa majoho ya zambarau, wanahema, kiongozi wao anaomba radhi kwamba gari liliharibika Mkuyuni. Msemaji akaangalia zambarau ile, akaangalia zambarau hii.

"Sasa nyie ni akina nani?"

Mimi mwenye diploma nikaangalia njia ya migomba. Nyamizi ndiye aliyepiga magoti mbele ya yule bibi. "Shikamoo, Bibi. Sisi ni timu ya mpira ya hapo ukutani. Tulikuwa tunakwepa geti. Tusamehe." Na kipaza sauti, rafiki zangu, kilikuwa bado mkononi mwangu, kimewaka. Yule mtangazaji hakuhitaji tena kubahatisha.

Bibi Kabula, mjane wa Mzee Bulugu, alimwinua kwa mkono. Halafu akasema, bila hasira, "Marahaba. Mzee aliwangoja sana. Kila jioni alikuwa anasema, hawa watoto siku moja watakuja kwa mlango wanisalimie, nami nitawapa mipira yao. Mmekuja leo, tena kwa nyuma." Akafunga vizuri kanga yake. "Haya, piteni kwa mbele. Msije mkachelewa huko."

Tukapita kwa mbele. Tukakimbia mtaa mzima, ile njia tuliyokuwa tunaikwepa miaka yote, na njia yenyewe ni fupi, sitaki hata kuizungumzia. Tukafika getini, na hakuna aliyekumbuka kusimama, tukaukanyaga ule unga wote kwa miguu yetu, ishirini na kitu wazima. Mzee anayetunza uwanja alikuwa anaufagia. Akatufokea kwamba tunamsambazia chokaa yake ya kuchorea mistari, iliyochanika mfuko tangu mchana, na kwamba ameshachoka kugombana na muuza mayai ya kuchemsha aliyeteleza juu yake akamwaga trei nzima. Mayai ya kuchemsha. Hata sikuinama kuangalia kama yameiva.

Refa alipuliza filimbi tukiwa tunavuka mstari. Si ya kuanza. Muda wa kusubiri ulikuwa umekwisha, wageni wakapewa ushindi wa mezani, na jukwaa zima likasimama likaanza kuimba, ule wimbo wetu wa kwanza, na sauti ya pili wakaiweka.

Tukashuka. Mfadhili akaondoka kama alivyoahidi, huyo angalau ni mtu wa ahadi. Nyamizi akawa asubuhi anapanga samaki mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, jioni anakuja mazoezini ananuka sangara, na hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma na linaniuma mpaka leo. Angenitukana ningepona haraka.

Arobaini ya Mzee Bulugu ilipofika, Nyamizi alinipitia nyumbani. Hakusema tunakwenda wapi. Tukazunguka mtaa, tukafika kwa mlango wa mbele, tukabisha hodi, tukangoja mpaka tukakaribishwa. Nikamsalimia Bibi Kabula, nikamwomba msamaha kwa yale ya juu ya jiwe na yale ya kipaza sauti. Alisema ya kipaza sauti yalimchekesha, alikuwa hajacheka tangu mzee alipofariki. Tukaondoka na magunia mawili ya mipira. Ndiyo tunayofanyia mazoezi sasa, maana mingine hatuna uwezo wa kununua.

Siku hizi napita mlango wa mbele popote. Nabisha hodi hata kwenye ofisi zenye kengele. Na mechi yetu ya kwanza ya daraja la chini, ugenini, tulikuta getini kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheusi na uzi mwekundu, na safari hii hakikuwa chokaa wala biashara ya mtu. Timu nzima ikasimama. Kocha akaangalia mbingu. Nyamizi akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Meneja, tangulia."

Nikakikanyaga, mguu wa kulia na wa kushoto, nikapita. Tulifungwa mawili bila. Lakini tulifungwa uwanjani.