Mama wa Redio Tuliyemwombea

Nasema hivi na sirudi nyuma: yule mama wa redio nilimwombea, na hata leo ningemwombea tena.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu karibu na Litein. Kila Jumatano jioni, tukishauza majani chai kituoni, kina mama watano wa jirani walijaa jikoni kwangu kusikiliza mchezo wa redio, vidole bado vyeusi kwa utomvu. Betri nilizianika juu ya mabati mchana kutwa ndio zifike mwisho wa mchezo. Jumatano moja, mama mmoja kwenye mchezo, aliyekuwa amezika watoto wawili, alishikwa na uchungu. Mvua inanyesha, barabara imeharibika, gari hakuna. Halafu mchezo ukakatiwa hapo, eti tungoje wiki nzima!

Mimi pia nilikuwa nimezika wawili. Mimba ya tatu ilikuwa na miezi minne chini ya leso, na hakuna aliyejua ila mume wangu, maana kwetu mimba haitangazwi. Niliogopa mpaka ugali ukakataa kupita.

Jumapili, mzee wa kanisa alipouliza nani ana hitaji la maombi, nikajikuta nimesimama. "Kuna mama ameshikwa na uchungu, na ameshazika wawili."

Kanisa zima liliomba kwa machozi. Mzee mwenyewe aliomba mpaka jasho likamtoka. Tulipotoka nje akaniuliza huyo ni bibi ya nani, ampelekee maziwa. Nikamwambia ukweli.

"Wa redio?" Alipandwa na hasira. "Mama, umefanya kanisa la Mungu liombee uongo! Jumapili ijayo utatubu mbele ya watu, la sivyo utoke kwaya. Na hiyo redio uniletee."

Kwaya hiyo mimi ndiye niliyekuwa naianzishia nyimbo. Nililia njia nzima. Lakini nitubu nini? Kwamba nilimhurumia mtu?

Jumatano tukasikiliza. Jumapili nikaitwa mbele.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Yule mama tuliyemwombea amejifungua msichana. Wote wawili ni wazima."

Kina mama wakapiga vigelegele kabla mzee hajafungua mdomo. Nyanya mmoja akauliza mtoto ana kilo ngapi.

Nilitolewa kwaya siku hiyo hiyo. Redio sikupeleka, ng'o! Niliimba nikiwa benchi la nyuma, kwa sauti ile ile, na kila Jumatano jikoni kwangu hapakuwa na pa kukanyaga.

Miezi sita baadaye mzee akauliza nani ana shukrani. Nikapita mbele bila kuitwa, nikafunua shuka, nikamwinua binti yangu wote wamwone.

"Huyu," nikawaambia, "ndiye mliyemwombea."