Wimbo wa Kutwanga Karanga

Harufu ya karanga zilizokaangwa jikoni kwangu leo imenirudisha Ujiji, kwenye ua wa shangazi aliyenichukua kutoka Kidahwe ili nisome.

Shangazi alioka vikeki vya kuuza kwenye makopo ya maziwa, ndani ya sufuria lenye mchanga wa ziwani, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kila kikeki alikinyunyizia karanga zilizotwangwa na sukari, zikaiva na kumomonyoka. Kutwanga ilikuwa kazi yangu.

"Imba nisikie," alisema akikoroga unga.

Niliimba mpaka kinu kiishe, kwa sababu nikiimba siwezi kutafuna. Nikinyamaza nimeze mate tu, alikuja kunipanua mdomo kwa vidole vyenye unga. Wateja walimwambia, "Mtoto wako ana raha huyu."

"Kuimba tu ndiyo kazi yake," alijibu.

Sasa hivi binti yangu ameshika mchi, na ameanza kuimba mwenyewe.

"Nyamaza," nimemwambia.

"Nimekosa nini, mama?"

Nimechota karanga kwenye kinu nikamjaza mdomoni, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.