Siri Niliyompelekea Mwalimu Wangu

Nakumbuka siku moja asubuhi pale hospitali ya Kitale, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Mwanangu, wewe unayeanza wodi wiki hii, keti nikwambie jambo ambalo mpaka leo linanishtua.

Aliletwa mama mmoja amevunjika mkono wa kushoto. Nitamwita Mama Violet. Mumewe ndiye aliyemleta, na nilipomwona nilifurahi kweli, kwa sababu alikuwa mwalimu wangu wa darasa la sita kule Kimilili. Huyo ndiye aliyenifanya nipende hesabu.

"Simiyu! Kumbe umekuwa daktari!" Akanikumbatia. "Huyu ameteleza akitoka kisimani. Si nilimwambia apunguze haraka, bana."

Tukacheka, mimi na yeye. Mama hakucheka.

Mwalimu alipotoka kutafuta chai, nilibaki nikimfunga plasta ngumu ya mkono na kuiandikia tarehe. Mfupa ulikuwa umevunjika pale panapopigwa mtu anapoinua mkono kukinga uso. Sikujua maana yake. Tulikuwa tumefundishwa majina ya mifupa yote, lakini kuuliza ni nani aliyeivunja, hapana, hilo hatukufundishwa. Ila juu ya kiwiko niliona alama za vidole, za zamani, zimeanza kuwa manjano. Nikauliza tu, "Mama, ni kisima kweli?"

Akatazama mlango kwanza. "Ni yeye. Alinipiga na mpini wa jembe. Usimwambie mtu, daktari."

Mwalimu wangu? Yule anayesimama mbele kanisani? Sikutaka iwe kweli, ndiyo maana nikafanya ujinga ule. Nilimfuata nje, nikasema kwa heshima zote, "Mwalimu, samahani, mama anasema ulimpiga. Si mkae chini myamalize?" Nilidhani naokoa nyumba ya watu.

Hakukasirika. Alitabasamu, akanishukuru, akaingia ndani. "Mama Violet, twende nyumbani." Mama akainuka. Alipofika mlangoni alinitazama mara moja tu, na nikaelewa nilichofanya.

Sista Wanjiru, muuguzi mkuu wa wodi, alinivuta kwenye chumba cha dawa. "Ulimwambia nini yule mwanamume?"

Nikamweleza. Akaweka trei chini polepole.

"Ati ulimwambia? Yule mama amebeba hayo sijui miaka mingapi. Leo amepata mtu mmoja wa kumwambia, na wewe ukayapeleka kwa anayempiga!"

Alikimbia mwenyewe hadi getini. Walikuwa wameshaenda.

Baada ya wiki tatu nilihamishiwa Bungoma. Siku yangu ya pili nilimkuta Mama Violet wodini, taya limefungwa kwa waya, uso umevimba hata nikampita bila kumjua. Nilimtambua kwa plasta. Tarehe niliyoiandika kwa mkono wangu ilikuwa bado pale. Nilisogea kitandani. Akasema kupitia meno yaliyofungwa, "Nilikuambia wewe peke yako."

Nilimwita daktari mkubwa, tukavuta pazia, na safari hii tukamuuliza yeye anataka nini. Alimtaka dada yake wa Malakisi. Dada akaja siku hiyo hiyo, wakaenda polisi na fomu ya majeraha tuliyoijaza, kila jeraha na mahali pake. Mama Violet hakurudi tena kwa mumewe Kimilili. Mwalimu alishtakiwa. Lakini sikio la kulia la mama halijasikia tangu kipigo kile cha pili, na hilo halingetokea kama mimi ningenyamaza.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuomba: muulize mgonjwa akiwa peke yake, hata kama aliyemleta ni mchungaji, ni mjomba wako, ni mtu unayempenda. Akikwambia, mwamini. Neno lake usilipeleke kwa mumewe, wala usijifanye msuluhishi. Kabla hajatoka muulize kama anakoenda ni salama, na kama si salama, tafuteni pamoja mahali pa kwenda. Andika ulichoona, vile ulivyokiona. Na uamuzi mwachie yeye, maana maisha ni yake.

Mungu akupe masikio ya kusikia wanaosema kwa sauti ya chini, na mdomo unaojua kutunza siri. Wanaokuja kwako wamevunjika wasitoke wameumizwa na wewe. Nenda salama, daktari wangu.