Kovu ya mu Mudomo ya Mama Laurentine

Wee, bantu ba kambi yetu ya reli banapenda kusema! Miaka makumi mbili balisema baba yangu Liévin njo alimupiga mama mpaka mudomo ikabakia na kovu. Uongo mutupu! Baba, muntu ya kazi ya reli, hakukuwa anapiga hata mbwa. Mimi Agnès najua ile kovu ilitoka wapi, juu ilianzia ku mukono yangu.

Mwaka 1938 nilikuwa na miaka mbili, ndui ikaingia muji yetu, Élisabethville. Infirmier Zéphirin, muuguzi moja wa miwani, muntu wa Kasai, akaleta meza yake mu kambi, akaanza kuchanja batoto. Bakubwa balipashwa kungojea dawa ingine ifike. Akakwarura mukono yangu, akatia dawa.

Mama alikuwa ametoka ku kijiji mwaka ule ule. Akashituka: nani anamutilia mutoto ugonjwa mu damu? Akanibeba mbio nyuma ya nyumba, akafanya vile kwao banafanya muntu akiumwa na nyoka. Akafyonza mukono yangu, akatema, akafyonza tena. Hakuambia muntu, hata baba.

Bon. Siku ya sita mudomo yake ikavimba, ikatoka kidonda, na homa juu. Jirani yetu Clotilde akaanza kunong'ona: "Bwana yake iko na mukono muzito." Siku ile ile mutoto wa Clotilde, Kasonde, mwenye nilikula naye sahani moja, akatokewa na ndui, juu ilikuwa imemuingia mbele ya kuchanjwa. Bakamupeleka ku nyumba ya bagonjwa, inje ya muji.

Mama akafunua mukono yangu: laini, hata kipele hakuna. Akanifunga mu mugongo, akakimbia kwa Zéphirin, akafunga mulango, akaungama yote.

Zéphirin akaangalia mudomo yake, akacheka mpaka akatoa miwani. "Mama Laurentine, weye njo ulijichanja!"

"Usinicheke, tata! Mutoto wangu atakufa?"

Akaacha kucheka. "Sikiliza, mama. Ile dawa ni ndugu mudogo ya ndui, haina nguvu. Ikiingia, mwili inaona mugeni, inajifunza alama yake, inatengeneza basoda, baaskari ba kupigana na mugeni ule tu. Uvimbe na homa njo vita yao. Ndui mukubwa akikuja, basoda banamujua tayari. Basoda ba weye banapigana. Ba mutoto bangali banalala, juu mugeni ulimutema."

Akanichanja tena palepale. "Sasa tunashindana mbio na ndui. Mukono ikivimba, aksanti Mungu. Ikibakia laini..."

Siku tatu mama hakupika. Kazi yake ilikuwa kufunua mukono yangu na kuifunika. Baba, mwenye mama alimwambia yote usiku ule, akasonga bukari mwenyewe, na bantu bakasema: eeh, anajuta. Siku ya ine asubuhi nikaamuka nalia. Mukono nyekundu, imevimba, mwili moto. Mama akapiga vigelegele! "Anaumwa! Aksanti Mungu, mutoto wangu anaumwa!" Clotilde akasema sasa ni kichwa imeharibika.

Ndui haikunigusa. Kasonde naye alirudia, uso matundu-matundu lakini muzima. Tulipumua, kambi yote. Ila mama alikuwa na haya ya kusema alitema dawa, na baba akamwambia: "Acha banitukane mimi. Wewe banaweza kukucheka mpaka kesho."

Mwaka 1958 nikapeleka mutoto wangu kuchanjwa. Baba na mama balinisindikiza, Clotilde naye alikuwa pale na mujukuu wake. Mama moja kijana, mutoto wake akiisha kuchanjwa, akakimbia nyuma ya ukuta, mudomo tayari ku mukono ya mutoto. Mama yangu akamufuata mbio, akamukamata.

"Usifyonze! Angalia!" Akavuta mukono yangu mbele ya bantu bote, akaweka kidole ku kovu yangu, kisha ku mudomo yake. "Hizi kovu mbili ni mapasa, batoto ba tumbo moja. Nilifyonza dawa ya huyu, ikanishika mimi, yeye akabaki bila kitu. Kidogo nimuue. Liévin hakunipiga hata siku moja!"

Baba akavua kofia. "Makumi mbili ya miaka, Laurentine," akasema, na akaanza kucheka na machozi yanashuka.

Clotilde akatoka mu mustari ya kungojea chanjo, akamushika baba mikono yote mbili. "Tata Liévin, unisamehe."

Yule mama kijana akarudisha mutoto ku mugongo, mukono haijaguswa.