Silvestre Alituambia Tuache Bidoni Garini

Mama Neema alikuwa amekaa juu ya mchanga, miguu ameinyoosha mbele, kitenge cha korali, kwaya yetu ya kanisa, kimempanda hadi magotini na hakujali. Anayemjua Mama Neema ataelewa kwa hilo peke yake kwamba hali ilikuwa mbaya. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, tena kavu, jasho limekwisha kutoka. Alikuwa ananiita "mama", mimi ambaye tunalingana umri, ananiomba nimfungulie mlango. Mlango gani? Kulia mwamba, kushoto mwamba, na juu kabisa kipande chembamba cha mbingu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nachimba kwa vidole, kwa sababu tuliambiwa hapo ni mtoni. Nilichimba mpaka kucha zikatoka damu. Chini ya mchanga kulikuwa na mchanga.

Aliyetuambia ni mtoni anaitwa Silvestre. Namtaja mapema, msije mkasoma mpaka mwisho mkidhani ilikuwa bahati mbaya.

Nawaandikia ninyi wa Uvira na ninyi mliobaki kambini Nyarugusu, maana najua habari imewafikia kwa simu ikiwa imepindishwa. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mtanisamehe uandishi. Lakini nilikuwepo.

Safari yenyewe ilianza hivi. Mwaka ule corona ilipoingia hapa Sydney, tulifungiwa, kisha tukafunguliwa nusu. Kanisani ruhusa kukaa, ruhusa kuomba, ila kuimba hapana. Ati pumzi ya mwimbaji inabeba ugonjwa. Sisi wanawake wa korali wiki nzima tunabeba maboksi kwenye maghala ya Wetherill Park, au tunaogesha wazee wa watu, Jumapili ndiyo siku ya kufungua kifua. Sasa tunakaa mbalimbali, barakoa mdomoni, tunasikiliza nyimbo zetu wenyewe kwenye simu! Mama Neema, ambaye ndiye anatuanzishia kila wimbo, alikuwa anatoka kanisani analia.

Ndipo Silvestre, prezida wa korali, kiongozi wetu, akaja na wazo. Alituma sauti kwenye grupu: kuna bonde huko kwenye milima, Wazungu hulitembea kwa siku moja na kurudi, halina paa, hakuna wa kutukataza. Tutaimba, tutapiga video. Na akasema, nilimsikia kwa masikio haya, "Tutafuata mto mwanzo mpaka mwisho." Tulishangilia. Nani asingeshangilia?

Jumamosi asubuhi tulikutana nje ya stesheni ya Rooty Hill, wote na sare za kitenge. Nilikuja na mandazi ya moto. Mama Neema alikula matatu, akaomba la nne, nikampa.

"Mama Riziki, haya yameiva leo. Ile siku nyingine ulitupa mawe."

"Kula, mdomo ufungwe."

Shikeni hapo kwamba alikula. Itawasaidia.

Njiani redio ya gari ilisema joto litapita arobaini. Silvestre ndiye alikuwa anaendesha. Akapunguza redio, akaweka nyimbo.

Tulipofika juu ya milima, hewa ilikuwa bado nzuri na miti inanukia dawa ya kifua. Tulishuka, na kama wanawake wowote wenye akili tukaanza kushusha maji. Tulikuwa na bidoni za njano, yale madumu ya maji mnayoyajua. Mama Neema akakunja kitambaa, akakiweka kichwani, akainama kuinua ya kwanza.

Silvestre akaja mbio. "Mama Neema! Weka chini hiyo!"

"Kwa nini? Ni nzito kwako au kwangu?"

"Tunapiga video, mama. Mtu akituona na bidoni kichwani atasema tuko bado Nyarugusu. Hawa Wazungu wanapita hapa watatucheka."

"Wacheke. Kiu ni yangu."

"Njoo uone." Akatupeleka kwenye ubao wa ramani, akaweka kidole kwenye mstari wa bluu unaopinda bondeni. "Hii bluu ni nini? Si mto? Mtabebaje maji kuyapeleka mtoni? Chukueni chupa ndogo za mkononi, zinatosha."

Tulicheka. Ndiyo, tulicheka, maana ilionekana ana haki. Bidoni zikarudi garini, mlango ukafungwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Spika ya muziki, ambayo ni nzito kuliko bidoni, hiyo ilibebwa.

Tukashuka ngazi za mawe, nyingi mno. Siwezi kuwadanganya: chini kule ni pazuri. Mwamba una rangi ya asali na kutu, umekatwa wima kama kwa kisu, na njia inapita katikati, mahali pengine nyembamba hata ukinyoosha mikono unagusa pande zote. Mama Neema akavua barakoa, akafungua wimbo. Ule mwamba ulimjibu. Sauti yake ilipanda na kurudi, sisi tukapokea, na nadhani hata Silvestre alilia kidogo nyuma ya simu yake. Miezi yote ile ilitoka kifuani.

Mchana jua lilisimama juu yetu, na mwamba ukaanza kuturudishia joto. Chupa zilikuwa tupu. Tulikuwa tunatembea juu ya mchanga mweupe na mawe ya mviringo, kona baada ya kona.

"Prezida," Mama Neema akasema, "huo mto wako umekwenda shifti?"

Wote wakacheka. Silvestre hakucheka. "Uko mbele. Bado kidogo."

Kona nyingine. "Prezida, labda umeomba likizo."

"Mama Neema, ukipunguza maneno utabaki na mate."

Mimi nilisema turudi. Akasema njia ya mbele ndiyo fupi kufika garini. Baadaye kidogo Mama Neema aliacha utani, na hapo nikaogopa. Akatapika, akakaa. Silvestre akamtazama akiwa amesimama mbali, akasema yeye na wengine watapanda haraka kuleta maji, mimi nibaki naye. Simu hazikushika mtandao. Wakaenda.

Tulingoja. Kivuli kilisogea, wala hakuna aliyerudi. Ndiyo wakati ule niliokuwa nachimba.

Waliotuokoa ni Wazungu wawili wazee, mume na mke, wanatembea na fimbo zao. Mwanzoni walisimama mbali kwa sababu ya corona. Mama yule alipomwona Mama Neema, aliisahau corona. Akamwagia maji kichwani na kwapani, akamlowesha kitenge chote, huku mzee anabonyeza kidude cha kuita msaada.

"Maji yenu yako wapi?" yule mama akaniuliza.

"Garini."

"Garini? Siku kama ya leo?"

Nikamwambia tumeambiwa kuna mto. Akaniangalia kwa huruma, akaniita "love", kama wanavyoniita wale wazee ninaowaogesha. "Hiki ni *creek*, love. Mvua ikinyesha kina maji. Isiponyesha ni mchanga tu."

Jioni helikopta ilimvuta Mama Neema kwa kamba. Mimi nilipandishwa na wale wazee, hatua kwa hatua. Juu, gari letu lilikuwa linanguruma, kiyoyozi kinafanya kazi, na bidoni mbili zilikuwa zimefunguliwa. Silvestre alikuwa ndani. Wenzangu waliniambia walimwomba washuke na maji, naye akajibu, "Wanakuja tu, hao wanatembea polepole." Hata mtu mmoja wa kupiga simu hakumtuma.

Tukarudi Sydney kwa gari lilelile. Wengine wote walilala, au walijifanya.

Hospitali haikuturuhusu kuingia kwa sababu ya ugonjwa. Mama Neema alikuwa peke yake na mashine, hawezi kushika simu, na wakati huohuo Silvestre alikuwa na mdomo wake. Jumapili alisimama mbele ya kanisa akasema, "Dada yetu alikuwa amefunga, hakutuambia. Tumwombee." Amefunga! Na mandazi yangu manne tumboni! Nilisimama niseme, Mchungaji Onesimo akanionyesha kiti. "Mama Riziki, mambo haya tutayaongea kwa upendo." Nilipokwenda kutafuta ile sauti ya kwenye grupu, nikakuta imeandikwa ujumbe umefutwa. Sasa Silvestre anasema yeye hakutamka mto, alitamka *creek*, sisi ndio hatujui Kiingereza.

Mama Neema alitoka hai. Figo zake hazikutoka nzima. Anasafishwa damu kwa mashine, kazi ya ghalani imekwisha, na mume wake aliiamini ile hadithi. Anamwambia kila siku, "Ulijiua mwenyewe kwa ukaidi wako wa kufunga." Nimekwenda kumweleza huyo mume. Akaniuliza, "Wewe na prezida, nani anasema kweli?" Mama Neema alikuwa amelala chumba cha pili, anasikia.

Kwa ninyi mtakaokuja huku, chukueni hili: mstari wa bluu kwenye ramani ya nchi hii si ahadi. Beba maji yako, acha wanaocheka wacheke.

Kuimba kumeruhusiwa tena, na Silvestre bado ndiye prezida. Ananitumia watu: rudi, Mama Riziki, samehe. Nisamehe nini, wakati hajasema alifanya nini? Mchungaji Onesimo, wewe ulimpa nafasi mbele ya watu aseme uongo. Mpe nafasi ileile, mbele ya watu walewale, mume wa Mama Neema akiwa amekaa kiti cha mbele, na umwulize mbele yetu sote: Silvestre, nani aliamuru maji yabaki garini, na ulipofika juu ukanywa, kwa nini hukurudi? Mimi nitakuwa nimesimama. Safari hii usinionyeshe kiti.